Nipo kazini siku nne na darasani siku mbili: nipange vipi masomo, na ninunue kompyuta gani?

Bint wa Wete

Assalamu alaykum ndugu zangu.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa stashahada ya uhasibu, na nyumbani kwetu ni Wete, Pemba. Tangu miezi miwili iliyopita nimo katika mpango wa uanagenzi unaomtaka mwanafunzi awe kazini kuanzia Jumamosi hadi Jumanne, na darasani Jumatano na Alkhamisi. Kazini kwangu ni afisi ya hesabu ya hoteli moja ya Jambiani, na chuo kiko mjini, kwa hiyo kila Jumanne jioni napanda gari ya 309 nikalale kwa mama mdogo Kikwajuni, na Ijumaa baada ya sala narudi shamba.

Kazi naipenda mno. Yale tuliyokuwa tukiyakariri darasani kuhusu udhibiti wa ndani, yaani taratibu za kuzuia makosa na upotevu wa mali, huku nayaona kwa macho yangu. Wiki iliyopita ankara ya muuza samaki ilisema kilo 16 za samaki aina ya changu, na karatasi ya mapokezi ya stoo ikasema kilo 14, nami ndiye niliyeiona tofauti hiyo kabla malipo hayajatoka. Sitaki kuuacha mpango huu, lakini masomo yananielemea, na sehemu kubwa ya mzigo wenyewe ni kompyuta.

Sina kompyuta yangu. Asaimenti naziandika kwa simu, au nasubiri saa kumi na moja jioni mhasibu anapoondoka, niombe kukaa kwenye kompyuta ya afisi mpaka aingie mkaguzi wa usiku. Mwisho wa mwezi uliopita, siku zile za kufunga hesabu, hapakuwa na mashine iliyokaa bure hata dakika moja, na asaimenti ya hesabu za gharama ilitakiwa siku ya pili yake. Nilimaliza majedwali kwa simu saa saba ya usiku, nikayanakili kwenye faili jengine ili niyatume, na nilipolifungua chuoni nikakuta fomula zote zimepotea, zimebaki namba tupu. Nilipata alama 11 kati ya 20, na mwalimu aliniandikia kwamba haoni nilivyoyafikia majibu. Sikuwa na la kumjibu.

Posho yangu ni shilingi 180,000 kwa mwezi, na baada ya nauli, chakula na bando inabaki kidogo sana. Nimejiwekea akiba ya 350,000, na kaka yangu ameahidi kuniongezea 200,000. Naomba mnishauri ninunue laptopu ya aina gani kwa fedha hizo, au kama simu inaweza kunifikisha hadi mwisho wa programu. Pia naomba mwenye uzoefu anieleze namna ya kuipanga wiki yangu, na kama ni halali mimi kufanya kazi za chuo kwenye kompyuta ya hoteli.

Mama Rayyan, Mwera

Wa alaykumu salaam mwanangu. Nimeipita njia hiyo hiyo, hoteli upande wa mashariki na chuo mjini, na leo niko katika afisi ya hesabu mwaka wa tisa. Suala la mashine nawaachia mafundi. Mimi nataka kuzungumza nawe juu ya saa, kwa sababu laptopu utaipata inshallah, lakini ukiwa nayo bila ya saa ya kuikalia, hali yako itabaki vile vile.

Afisi ya hesabu ina majira yake kama bahari ilivyo na bamvua na maji mafu. Siku mbili za mwisho wa mwezi na siku nne au tano za mwanzo wa mwezi unaofuata, zihesabu kwamba hazimo katika kalenda yako ya masomo kabisa. Ongeza siku ya kuhesabu mali ya stoo. Sasa chukua muhtasari wa kozi zako zote, uzitoe tarehe za asaimenti na majaribio, uziandike katika karatasi moja pamoja na siku hizo za hoteli. Utaona wewe mwenyewe wapi zinagongana, na utaziona mwezi mzima kabla, si usiku wa kuamkia.

Karatasi hiyo mpelekee msimamizi wako wa kazini. Usiende kumlalamikia kwamba umechoka, kwa sababu kila mtu hotelini amechoka. Nenda na ombi lenye tarehe: "Naomba Jumapili na Jumatatu, saa nane hadi saa kumi mchana, nikae na masomo yangu, na siku za kufunga hesabu nitakuwepo mwanzo hadi mwisho." Mimi niliogopa kuomba kwa miezi minne mizima, na nilipoomba nilikubaliwa kwa dakika tano. Mchana baada ya chakula afisi ile hupoa, nawe umeshaiona.

Jambo jengine ni misimu. Julai hadi Septemba hoteli hujaa, na mwisho wa mwaka pia, lakini masika, Aprili na Mei, hoteli nyingi za pwani hupunguza watu na nyengine hufunga. Ripoti yako kubwa ya mafunzo ipangie wakati huo. Na ukifika Ramadhani, usijidanganye kwamba utasoma alasiri baada ya kazi. Mimi nilikuwa nasoma baada ya daku na sala ya Alfajiri, mpaka gari ya wafanyakazi inapokuja, na saa ile moja na nusu ilikuwa na faida kuliko jioni tatu.

Safari ya 309 nayo usiipoteze. Huwezi kusoma maandishi ndani ya gari ile, lakini unaweza kusikiliza. Mhadhara ukirekodiwa kwa sauti, uweke kwenye simu kabla hujaondoka.

Mwisho nikuhadithie lililonikuta, nawe ulichukue. Ripoti yangu nzima, kurasa 34, niliiweka kwenye kompyuta ya kazini. Wiki mbili kabla ya kuiwasilisha, mashine ilibadilishwa, na aliyekuja kuibadilisha akaifuta ya zamani bila ya kuuliza. Nililia chooni ili wenzangu wasinione, kisha nikaanza ukurasa wa kwanza. Tangu siku hiyo, kila jioni kabla sijainuka kwenye kiti najitumia faili kwa barua pepe.

Kijana wa Kwahani

Salaam. Dada, mimi nilimaliza cheti cha utalii kwa simu tupu na kibodi ndogo ya bluutuuthi. Kama skrini ya simu yako ni nzima, hifadhi fedha zako, kwa sababu laptopu ya mtumba ikiharibika fedha na asaimenti zote zimekwenda. Usiharakishe kununua.

Fundi wa Mlandege

Dada yangu wa Wete, na ndugu yangu wa Kwahani, salaam kwenu.

Kwa insha na barua nakubaliana na ndugu yangu kabisa, lakini kwa uhasibu simkubalii. Kilichompata dada yetu kinatokea sana: ukinakili jedwali kutoka programu moja ya simu na kulibandika katika nyengine, mara nyingi kinachobandikwa ni matokeo, na fomula inabaki kule ilikotoka. Juu ya hayo, majedwali ya kurasa nne zinazotegemeana huwezi kuyakagua katika skrini ya inchi sita. Mhasibu anahitaji kuona safu zote kwa pamoja, na anahitaji kibodi yenye namba.

Kwa hiyo nunua laptopu, lakini usinunue kwa shilingi 550,000 zote. Tafuta ya 450,000 au chini yake, na kinachobaki kitakuwa cha diski ya nje au flashi nzuri, begi lenye kitambaa kinene, na akiba ya matengenezo. Kwa fedha hizo utapata iliyotumika, ya zile za maafisini, na mimi nazipendelea kuliko mpya za bei rahisi, kwa sababu bawaba zake ni imara, kibodi inabadilishika na vipuri vinapatikana.

Vitu viwili usivilegezee: RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, isipungue gigabaiti 8, na diski iwe SSD, yaani ile isiyozunguka, hata ikiwa ya gigabaiti 256 tu. Laptopu yenye prosesa (ubongo wa kompyuta) ya wastani na SSD itafungua Excel kabla ile yenye prosesa kali na diski ya kuzunguka haijamaliza kuwaka. La tatu ni umri wake. Microsoft ilisimamisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inahitaji kijenzi cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel, kwa jumla ianzie kizazi cha nane. Muuzaji akikwambia "hii ni i5", ambalo ni jina la prosesa ya Intel, usitosheke, muulize i5 ya kizazi gani. Namba inayofuata ndiyo inayosema: ikiwa i5-8250U, ile 8 ya mwanzo ndicho kizazi chake, na ikiwa i5-6300U, iache hata kama imesuguliwa ikang'aa.

Ukifika dukani, usikubali kuiona ikiwa imechomekwa kwenye umeme muda wote. Ichomoe ufanye kazi nayo nusu saa. Kisha fungua lile dirisha jeusi la amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport, nayo itakutolea ripoti yenye namba mbili muhimu: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na uwezo wake leo ikijaa. Ikiwa ya kwanza ni 48,000 na ya pili ni 19,000, betri hiyo imebaki na asilimia 40, na utaomba bei ishuke au betri ibadilishwe mbele yako. Bonyeza kila herufi na kila namba, usiruke hata moja. Angalia tundu za USB kwa tochi ya simu, na ukiona kijani au weupe kama chumvi ndani yake, mashine hiyo imekaa na hewa ya bahari na iliyobaki ni siku tu. Izime, uiwashe tena, na uhakikishe haiombi neno la siri kabla Windows haijaanza, wala haionyeshi jina la kampuni ya nje iliyokuwa ikiimiliki, kwa sababu zipo zinazofungwa na wenyewe wakiwa mbali.

Kule Jambiani uko hatua chache kutoka baharini. Usiiache laptopu dirishani upepo wa kusi ukaipiga usiku kucha. Ifunge katika mfuko na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyotoka katika maboksi ya viatu. Na umeme usiuamini moja kwa moja. Tuliokuwa na maduka Unguja tunaukumbuka wakati tulipokaa bila ya umeme wa bara, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Hali ya leo si ile, alhamdulillahi, lakini umeme ukikatika na kurudi kwa nguvu bado unaunguza chaja. Tumia kile kifaa cha kulinda mafriji, nacho kinatosha.

Upande wa bando: wanafunzi wengi huja kwangu wakisema laptopu "inakula" intaneti. Ukiiunganisha na simu, nenda kwenye mipangilio ya mtandao uiambie Windows kwamba muunganisho huu unapimwa, na hapo sehemu kubwa ya masasisho yake yatasubiri. Usipofanya hivyo, gigabaiti zako za wiki zinaweza kwisha ukiwa umelala. Madarasa ya video nayo, yakiruhusu, zima picha ubakie na sauti. Saa moja ya video inaweza kufika mamia ya megabaiti na hata kupita gigabaiti moja, na sauti peke yake ni makumi tu.

Programu za kuandikia, kama huna fedha ya Microsoft Office, weka LibreOffice. Ni ya bure kwa halali, na inafungua na kuhifadhi faili za Excel. Tafadhali usikubali Office iliyovunjwa kufuli, kwa sababu nusu ya virusi ninavyovisafisha huingia kupitia hiyo, na nusu nyengine kwa flashi za afisini, zile zinazoficha mafolda yako na kukuonyesha vivuli vyake (shortcut).

Maalim wa Jioni

Assalamu alaykum nyote. Nasomesha wanafunzi walio kazini, na nimesimamia wengi waliopelekwa mahotelini, kwa hiyo nataka kujibu lile swali ambalo halijaguswa: kama ni halali kutumia kompyuta ya hoteli.

Mwanangu, ukiruhusiwa ni halali, lakini ruhusa uipate kwa maandishi, hata kama ni ujumbe mfupi wa msimamizi wako, na iseme saa na kazi gani. Sababu si adabu peke yake. Katika mashine ile mna majina ya wageni, namba za pasipoti zao, mishahara ya wenzako na hesabu ambazo mwenye hoteli hajamwonyesha mtu. Ikitokea faili limeonekana mahali lisipostahili, wa kwanza kuulizwa ni mwanafunzi aliyekuwa akibaki jioni. Kwa hiyo weka mpaka ulio wazi: la hoteli lisiingie katika laptopu yako, wala flashi yako, wala WhatsApp yako, na la chuo lisilale katika kompyuta ya hoteli. Ukishapata laptopu yako, hilo litakuwa jepesi zaidi, na kwangu mimi hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuinunua.

Sasa nirudi kwa wale changu wako, kwa sababu nimefurahi sana kuwasoma. Unatafuta muda wa kufanya asaimenti za hesabu za gharama, na asaimenti yenyewe umeshaishika mkononi. Tuseme kilo ni shilingi 12,000: kilo mbili ni 24,000 kwa asubuhi moja. Ikiwa samaki hupokelewa mara tatu kwa wiki na tofauti ni ile ile, kwa wiki ni 72,000, na kwa wiki nne ni 288,000, ambayo inazidi posho yako ya mwezi. Usikimbilie kumtuhumu mtu. Uliza kwanza samaki walipimwa wapi, kwa mizani ya nani, na kama walipimwa pamoja na barafu. Uliza nani anatia saini karatasi ya mapokezi, na kama ndiye huyo huyo anayeagiza. Maswali hayo matano ni sura nzima ya udhibiti wa ndani, nawe utaiandika vizuri kuliko mwanafunzi anayeisoma kitabuni. Omba idhini ya msimamizi, badilisha jina la muuzaji na la hoteli, badilisha na kiwango cha namba, halafu muulize mwalimu wako wa kozi kama atakubali mfano huo badala ya ule wa kubuni. Wengi wetu tunakubali kwa furaha.

Kuhusu zile alama 11, mwalimu wako hakukuonea, na naamini wewe mwenyewe unalijua hilo. Kabla ya kutuma faili, lifungue tena kutoka pale ulipolituma, si kutoka pale ulipoliandika. Bonyeza Ctrl pamoja na kile kitufe kidogo kilicho juu ya Tab, na katika kibodi nyingi za Kiingereza, Excel itakuonyesha fomula badala ya majibu, na LibreOffice hali kadhalika. Ukurasa huo uhifadhi kama nakala ya pili uuambatanishe. Na ukiona tarehe inakubana, andika kuomba muda siku tatu kabla, ukitaja siku za kufunga hesabu na ukiambatanisha ile karatasi aliyokufundisha Mama Rayyan. Ombi linalokuja baada ya tarehe kupita linatufunga mikono hata tukitaka kusaidia.

Kitabu chako cha kumbukumbu za mafunzo kijaze kila siku, dakika kumi kabla hujafunga afisi. Nimesoma vitabu vilivyojazwa kwa pamoja usiku mmoja, na vinajulikana tangu ukurasa wa kwanza, kwa sababu kila siku mtu huyo "alisaidia kazi za afisi". Wewe andika: kilo 16, kilo 14, nilimwarifu fulani, likafanyika hili.

Na kwa kuwa unalala Kikwajuni, Maktaba Kuu ya Maisara uko nayo jirani. Alkhamisi, darasa likimalizika, kaa chuoni upakue mihadhara na makala zote za wiki inayokuja kwa mtandao wa chuo, kisha uende Maisara usome kwa utulivu. Kama chuo chenu kinatumia Moodle, ule mfumo wa masomo ya mtandaoni, programu yake ya simu inaruhusu kuyapakua masomo mengi na kuyasoma bila ya intaneti. Ufike Jambiani kila kitu kimo mfukoni.

Bint wa Wete

Assalamu alaykum tena. Samahanini kwa kuchelewa kurudi, nilitaka kwanza nifanye mliyonielekeza.

Mama Rayyan, karatasi niliiandika na nikampelekea msimamizi. Amenipa Jumapili na Jumatatu, saa nane hadi saa kumi, na ameniomba nimwachie nakala ya kalenda yangu aibandike ukutani ili asiniite. Maalim, niliuliza habari ya samaki. Walikuwa wakipimwa gatini wakiwa na barafu, na stoo wakipimwa baada ya kumwaga maji. Sasa wanapimwa stoo mbele ya muuzaji, na ankara inaandikwa hapo hapo. Mwalimu wa gharama amekubali niuandikie mfano huo, na idhini ya hoteli ninayo kwa maandishi.

Kaka fundi, laptopu nimeipata kwa 430,000, i5 ya kizazi cha nane, RAM 8, SSD 256. Ya kwanza niliyoonyeshwa niliikataa kwa sababu ya weupe ndani ya USB. Ripoti ya betri ya hii imesema 42,000 na 31,000. Swali langu la mwisho: niiache kwenye chaja ninapofanya kazi, au niichomoe kila inapojaa?

Fundi wa Mlandege

Asilimia 74, hiyo ni betri nzuri kwa bei hiyo, hongera dada. Ukiwa mezani unaweza kuiacha kwenye chaja, haina madhara makubwa, ila kinachoichosha zaidi betri ni joto, kwa hiyo usiiweke juu ya kitanda wala godoro. Laptopu nyingi za maafisini zina mpangilio wa kuzuia betri isipite asilimia 80, utafute uuwashe. Jumanne jioni, kabla ya kupanda 309, ndipo uijaze mpaka 100.